Ukiuawa, unapoteza nini? Kuchagua gemu ya PvP kati ya Warcraft, Guild Wars 2, RuneScape, Albion na EVE

Kabla hujamaliza bando kupakua gemu kubwa ya mtandaoni kwa sababu umesikia ina mapigano makali ya mchezaji kwa mchezaji (PvP), tafuta kwanza jibu la swali moja: ukiuawa na mchezaji mwenzako, unapoteza nini? Jibu hilo litakueleza gemu hiyo kuliko ubora wa picha zake na kuliko video yoyote ya YouTube. Ndilo linaloamua utapambana na watu wa namna gani, watakufuata kwa sababu gani, mikono itatetemeka kiasi gani, na kama mwezi ujao bado utakuwa unacheza.

Nimechagua gemu tano zinazolijibu swali hilo kila moja kwa njia yake: World of Warcraft, Guild Wars 2, Old School RuneScape, Albion Online na EVE Online. Nzuri zipo nyingine nyingi, lakini hizi tano zinajipanga vizuri kuanzia kifo kisichogharimu kitu hadi kifo kinachofuta kazi ya miezi. Ukishazielewa, gemu yoyote mpya utakayokutana nayo utajua pa kuiweka.

Swali lenyewe lina umri. Ultima Online ilipofunguliwa Septemba 1997, ukitoka tu nje ya ulinzi wa mji mtu aliweza kukuua na kukuvua kila ulichobeba. Wachimba madini na wakata miti wakawa mawindo ya kudumu, na wageni wengi wakakata tamaa. Mwaka 2000 watengenezaji wakaigawa dunia yao mara mbili: Felucca, ambako sheria ya zamani iliendelea, na Trammel, ambako huwezi kumshambulia mtu ambaye hajakubali. Wachezaji wengi walihamia Trammel. Wapo ambao mpaka leo wanasema gemu ilikufa siku hiyo, na wapo wanaosema ndiyo siku ilipookolewa. Gemu zote zilizofuata zimelazimika kuchagua upande au kutafuta pa kusimama katikati.

Gharama ya kifo

Kwenye World of Warcraft kifo ni usumbufu tu. Wachezaji wamegawanyika pande mbili zenye uhasama; adui wa upande wa pili akikuua, unageuka mzimu, unakimbia kutoka makaburini hadi ulipoanguka, unafufuka. Vifaa vyako vyote unabaki navyo na wala havichakai. Kuchakaa hutokana na kuuawa na majoka na wanyama wa gemu. Umepoteza dakika chache, basi.

Guild Wars 2 hata dakika hizo imezipunguza. Kwenye uwanja wa PvP unasubiri sekunde kadhaa na unarudi. Lakini kabla ya kufa kuna hatua moja ambayo kwa maoni yangu ndiyo ubunifu bora wa gemu hiyo. Uhai ukiisha hufi papo hapo, unaanguka chini. Hapo chini bado unaweza kurusha chochote kilichobaki mkononi, na adui analazimika kukusogelea na kusimama sekunde chache ili akumalize. Wenzako nao wanakimbilia kukuinua. Kwa hiyo kila mtu anapoanguka, pambano jipya linazaliwa juu yake: wanaotaka kumaliza wanajianika, wanaotaka kuokoa wanajianika pia. Nimeona timu iliyokuwa imezidiwa ikigeuza mechi nzima kwa sababu mtu mmoja aliinuliwa kwa wakati.

Old School RuneScape inaweka gharama ya kati, na imeipima kwa akili nyingi. Kaskazini ya kijiji cha Edgeville kuna mtaro. Ukiuruka umeingia Wilderness, na humo wachezaji wanaruhusiwa kuuana. Ukifa, unabaki na vitu vyako vitatu vyenye thamani kubwa kuliko vingine, vilivyobaki ni halali ya aliyekuua. Lakini wewe ukiwa ndiye uliyeanza kumshambulia mtu ambaye hakukugusa, alama ya fuvu inatokea juu ya kichwa chako, na ukifa ukiwa nayo unapoteza vyote. Kuna dua moja tu ya kukulindia kitu kimoja, nayo inazimika ukiishiwa nguvu za dua. Angalia haki iliyomo humo: mchokozi analazimishwa kuweka mezani zaidi ya anayechokozwa. Sheria nzima ya mapigano imo kwenye alama moja ya fuvu.

Isitoshe, huwezi kushambuliwa na yeyote tu. Wilderness ina ngazi, na kila unapozidi kwenda kaskazini ngazi inapanda. Ukiwa ngazi ya 5, anayeweza kukugusa ni yule ambaye kiwango chake cha kupigana hakikuzidi wala kukupungukia zaidi ya 5. Ukiwa ngazi ya 30, tofauti ya 30 inaruhusiwa. Uoga na tamaa vinapimana hatua kwa hatua: kadiri unavyoingia ndani kutafuta mali, ndivyo watu wanaoweza kukuua wanavyoongezeka.

Albion Online haina huruma hiyo, ila inakuonya kwa rangi. Eneo la buluu ni salama. La njano unaweza kupigwa ukaangushwa, lakini vifaa vyako unabaki navyo. Jekundu na jeusi ni uporaji kamili: silaha, nguo, mfuko, mzigo, hata mnyama unayempanda. Vitu vingine huharibika ulipoangukia, vilivyobaki vinachukuliwa na aliyekuua. Tofauti ya nyekundu na nyeusi ni kwamba kwenye nyekundu mshambuliaji lazima ajitangaze kuwa adui, sifa yake inashuka akiua wasio na hatia, na skrini inakuonyesha idadi ya maadui waliomo eneoni. Kwenye nyeusi hakuna tangazo wala hesabu. Yeyote asiye wa kundi lako anaweza kukuua bila kuulizwa.

EVE Online ndiyo ya mwisho kwa ukali. Humo unaendesha meli ya angani, nayo ikilipuka imekwenda. Vifaa vilivyokuwa ndani, takriban nusu vinateketea na nusu vinaelea kumsubiri wa kuviokota. Unabaki kwenye kidonge kidogo cha kujiokoa. Nacho kikipigwa, vipandikizi ulivyoweka kichwani mwako kwa gharama kubwa vinapotea, na unaamka mahali pengine ukiwa na mwili mpya. Bima ipo, lakini hailipi vifaa.

Nani anachagua kwamba tupigane?

Hapa ndipo watu wengi hukosea kuchagua, kwa kudhani gemu kali na gemu yenye mapigano mazuri ni kitu kimoja.

Warcraft ilifunguliwa Novemba 2004 ikiwa na seva za aina mbili, za mapigano na za amani, na ulichagua siku ya kwanza. Mwaka 2018 ikafuta mgawanyo huo na kuleta swichi iitwayo War Mode: unaiwasha ukiwa mji mkuu wa upande wako, na ukiiwasha unapata nyongeza kidogo ya tuzo kwa kukubali hatari. Pia ina viwanja vya mapigano tangu 2005, kama Warsong Gulch ya watu 10 kwa 10 na Alterac Valley ya 40 kwa 40, na tangu 2007 ina arena za 2 kwa 2 na 3 kwa 3 zenye madaraja ya ushindani. Yote haya yanahitaji ridhaa yako. Hakuna anayekulazimisha.

Guild Wars 2 inafanana nayo, lakini imeenda mbali zaidi kwenye usawa. Ukiingia PvP, hata kama mhusika wako umemuumba jana, unapandishwa hadi ngazi ya 80 na takwimu zako zinatokana na hirizi unayoichagua kwenye orodha ambayo kila mtu anaipata bure. Aliyecheza miaka kumi na wewe wa wiki moja mnachagua takwimu kwenye orodha ile ile. Kikubwa kinachowatofautisha ni ufundi. Mechi ya kawaida ni watu 5 kwa 5, vituo vitatu vya kushikilia, na timu ya kwanza kufikisha pointi 500 inashinda. Kwa wanaopenda makundi makubwa kuna vita ya pande tatu kwenye ramani nne, yenye ngome za kubomoa na misafara ya mizigo ya kuvizia. Kama unachotaka ni kujua kama wewe ni mpiganaji mzuri, hakuna kati ya hizi tano itakayokujibu kwa uwazi kama hii.

EVE haikuulizi. Inaonekana kama inakuuliza, na hapo ndipo wageni wanapoumia. Anga imepewa alama za usalama, na kuanzia 0.5 hadi 1.0 kuna CONCORD, polisi wa gemu yenyewe ambao hakuna mchezaji anayewaweza. Mgeni akisikia hivyo hujaza meli yake ya mizigo akaondoka kwa amani. Lakini CONCORD haizuii shambulio, inamwadhibu aliyeshambulia. Kati ya risasi ya kwanza na adhabu kuna sekunde kadhaa, na sekunde hizo zinatosha.

Kundi linakuja na meli za bei nafuu aina ya Catalyst na kutega kwenye mfumo wa nyota ambao wafanyabiashara wengi hupitia wakienda Jita, soko kuu la gemu nzima. Uedama ni maarufu kwa hilo. Mmoja wao kazi yake ni kukagua shehena ya kila meli inayopita. Kisha wanapiga hesabu. Catalyst 10 zitakufa kwa mkono wa polisi, hiyo ni gharama ya kazi. Mzigo ukilipuka, nusu hivi itabaki inaelea. Nusu hiyo ikizidi bei ya Catalyst 10, umekwisha. Isipofika, unapita na hakuna anayekugusa. Kwa hiyo usalama wako EVE unaujenga mwenyewe kwa kutokuwa na faida kwa mwizi: beba kidogo, rudia safari, weka kinga nzito kwenye meli. Mtu anayependa biashara na hesabu ataipenda gemu hii kwa sababu hiyo hiyo inayomkimbiza mwingine.

Albion na RuneScape ziko katikati kwa namna ninayoiheshimu sana: zina mpaka unaoonekana. Mtaro wa Edgeville upo pale, lango la eneo jekundu lina rangi yake. Hakuna atakayesema hakujua. Ukivuka umekubali, na mwenzako aliye upande wa pili naye amekubali. Jagex, kampuni ya Uingereza inayomiliki RuneScape, iliwahi kuondoa mauaji ya Wilderness Desemba 2007 ili kukomesha biashara haramu ya dhahabu ya gemu, na malalamiko hayakuisha mpaka yaliporudishwa Februari 2011 baada ya wachezaji kupiga kura ya maoni. Hasira ya miaka yote hiyo inaonyesha kwamba kwa watu wengi hatari ilikuwa sehemu ya thamani ya mahali pale. Mali iliyochumwa pasipo na hatari haikuwa na ladha ile ile.

Pambano lenyewe linavyokuwa

Eneo jeusi la Albion, kwa mpweke anayekusanya mali, linaanza na ukimya. Umeshuka kwenye mnyama wako unapasua jiwe. Ukingoni mwa skrini anatokea mpanda farasi, anasimama, hakusogelei. Huyo hakuogopi, anamsubiri mwenzake azunguke upande wa pili. Mchimbaji mzoefu haendi mbali na mnyama wake, kwa sababu akiwa karibu naye anapanda haraka, akiwa mbali inabidi amwite upya na kusubiri, na huko kusubiri ndiko kunakomuua. Wageni huonekana kwa hilo hilo: kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mfuko umejaa, mnyama yuko mbali, macho yako kwenye jiwe.

Ufundi wa Albion unatokana na nguo. Huna taaluma ya kudumu. Silaha, kofia, vazi la kifuani na viatu ndivyo vinavyokupa uwezo wa kupigana. Ukibadilisha fimbo ya moto ukachukua upinde, umekuwa mtu mwingine. Na kwa kuwa karibu kila kifaa kimetengenezwa na mchezaji, kila kifo ni mteja kwa fundi fulani. Uporaji ndio unaolisha soko. Ukiliona hilo, hata hasara unaipokea kwa moyo mwingine.

RuneScape inaonekana ya kizamani, na ukiitazama kwa nje utadhani watu wawili wamesimama wanagongana tu. Ndani yake kuna kasi ya kutisha. Seva inasoma maamuzi yako kila sekunde 0.6. Kwenye kila mpigo huo unachagua: kushambulia kwa upanga, mshale au uchawi, kuwasha dua ya kujikinga na mojawapo, kula, kubadilisha nguo. Uchawi unaushinda upanga wenye vazi zito, mshale unaushinda uchawi, upanga unaushinda mshale. Dua ya kinga inapunguza madhara ya mchezaji mwenzako kwa asilimia 40, kwa hiyo mpiganaji mzuri anabadilisha silaha pale tu anapoona umewasha kinga isiyo sahihi. Ukibanwa, samaki papa anakurudishia uhai 20 na samaki aina ya karambwan 18, na mwenye vidole vyepesi anavila vyote kwa mpigo mmoja. Anayeua huwa ni yule aliyekuhesabia chakula chako na kungoja pengo.

EVE ni kinyume kabisa. Pambano mara nyingi limeamuliwa kabla halijaanza, kwa meli uliyochagua, umbali unaoupenda na taarifa ulizokusanya. Ukipita lango la mfumo mwingine una sekunde 60 za kutoonekana mradi usisogee, na rubani mzuri anazitumia zote kusoma nani yuko pale kabla hajaamua. Na kuna ukubwa ambao gemu nyingine haziufikii. Januari 27, 2014, bili ya umiliki wa mfumo wa B-R5RB haikulipwa, mfumo ukawa wazi, na muungano wa wapinzani ukauvamia. Vita ilidumu kama saa 21. Zaidi ya wachezaji 7,000 walishiriki, meli 75 za daraja la Titan, kubwa kuliko zote, zikateketea, na hasara ikakadiriwa kufika karibu dola 300,000 kwa thamani ya pesa halisi. Seva ilipozidiwa ilipunguza mwendo wa muda hadi asilimia 10, yaani sekunde moja ya vita ikawa sekunde kumi za kukaa kwenye kiti. Soma tena sentensi hiyo kabla ya kujiunga kwa ajili ya vita kubwa. Ni historia tamu kuisimulia, lakini kuiishi kunahitaji uvumilivu wa aina yake.

Kwa Warcraft sitakawia. Arena yake ni ya kasi, kazi ya kumzuia adui asimalize uchawi ni tamu, na hakuna gemu yenye aina nyingi za taaluma zilizonolewa kwa muda mrefu hivyo. Tatizo ni kwamba unahitaji kwanza kupanda ngazi na kukusanya vifaa vya PvP kabla pambano halijawa la haki, na kila msimu mpya unarudi mwanzo.

Sisi tulio mbali na seva

Anayecheza kutoka Mombasa, Mwanza au Kampala ana jambo moja ambalo mchezaji wa Berlin halijui. Hakuna hata moja kati ya hizi tano yenye seva Afrika Mashariki. Mawasiliano yetu yanapita kwenye nyaya za baharini, EASSy, SEACOM, TEAMS na nyinginezo, na pingi, yaani muda wa amri yako kufika kwenye seva na jibu kurudi, kwa seva za Ulaya kwa kawaida inazidi milisekunde 100. Mwaka 2024 tuliona udhaifu wake: Februari nyaya zilikatika Bahari ya Shamu, na Mei 12 EASSy na SEACOM zikakatika pamoja, intaneti ya Tanzania ikadhoofika kwa siku kadhaa. Kwenye gemu ya uporaji kamili, kukatika mtandao katikati ya eneo jeusi ni kifo chenye hasara halisi.

Pingi haiumizi gemu zote sawa, na hili ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. EVE inahesabu kwa mipigo ya sekunde moja, RuneScape kwa sekunde 0.6. Milisekunde 150 zinamezwa humo bila wewe kuhisi sana, na mpinzani wa London hana faida kubwa juu yako. Guild Wars 2 ni habari nyingine. Adui akianza pigo linalochukua nusu sekunde, wewe unaliona limeshaanza, unabofya kukwepa, na amri yako inachelewa kufika. Pingi ya 150 imeshakula karibu theluthi ya nafasi uliyokuwa nayo. Unaweza kucheza na kufurahia, nami nawajua wanaofanya hivyo, lakini madaraja ya juu yatakuwa mlima. Warcraft iko karibu na hapo, ingawa ina subira kidogo zaidi. Albion inategemea kukwepa mapigo ya ardhini, hivyo pingi inahesabika, ila tangu ilipofungua seva ya Ulaya Aprili 2024 hali ni bora kwetu kuliko tulipokuwa na Marekani na Asia pekee. Ukijiunga leo, chagua seva hiyo siku ya kwanza, kwa sababu mhusika wako hatahama nawe.

Kisha kifaa. Albion ipo kwenye simu tangu Juni 2021 na RuneScape tangu Oktoba 2018, na zote mbili unatumia akaunti ile ile kwenye simu na kompyuta, dhidi ya watu wale wale. Hilo peke yake linatosha kuzipa kura yangu kwa vijana wengi wa kwetu. EVE inahitaji kompyuta; EVE Echoes ya simu, iliyotoka 2020, ni anga tofauti kabisa yenye wachezaji wake. Guild Wars 2 na Warcraft ni za kompyuta, na upakuaji wake ni wa makumi ya GB, Warcraft ikizidi 100. Kucheza kwenyewe hakuli bando sana. Masasisho ndiyo yanayokula.

Malipo: Warcraft ni bure hadi ngazi ya 20, baada ya hapo bei ya Marekani ni dola 14.99 kwa mwezi, na kwa PvP hiyo ngazi ya 20 ni mlango tu. Guild Wars 2 haina ada ya mwezi, na akaunti ya bure inaingia uwanjani. Albion ni bure tangu 2019, EVE ina akaunti ya bure tangu 2016 iliyofungiwa meli kubwa, na RuneScape ina sehemu ya bure iliyo ndogo kuliko ya kulipia. Kuhusu wanaolipa ili washinde, kweli Albion, EVE na RuneScape zinakuruhusu kugeuza pesa kuwa mali ya gemu. Lakini mwenye pesa akivaa vifaa vya bei mbaya bila ufundi anakuwa zawadi inayotembea, na wenye njaa wanamnusa. Kwenye Guild Wars 2 dhahabu ya kununua haikuongezei takwimu uwanjani, ingawa taaluma maalumu za ziada zinakuja na vifurushi vya kulipia.

Mimi ningechagua hivi

Kipimo changu ni kimoja: chagua gemu ambayo hasara yake ya kawaida unaweza kuirudisha kabla ya kulala. Hasara ikizidi hapo, utaanza kuogopa kupigana, na mtu anayeogopa kupigana kwenye gemu ya PvP hana anachofanya humo.

Una kompyuta nzuri, mtandao wa nyaya za nyumbani, na unataka ushindani wa ufundi mtupu bila kuibiwa? Guild Wars 2, na usijali sana daraja. Tayari una marafiki wanaocheza Warcraft na wanakuita kwenye arena yao ya watu watatu? Nenda, maana arena na wageni inachosha, na arena na ndugu ni raha. Unapenda kupanga, kufanya biashara, kusoma watu, na huna haraka? EVE, lakini ingia ukiwa na shirika la wachezaji tangu wiki ya kwanza na usimwamini mtu na mali yako. Utapeli ndani ya gemu hiyo unaruhusiwa na sheria zake zenyewe.

Una simu na saa moja au mbili jioni? Hapo chaguo ni RuneScape au Albion. RuneScape kwa mpweke, mvumilivu, anayetaka kujenga mhusika miaka na miaka na kwenda Wilderness akijisikia. Albion kwa anayetaka kupigana wiki hii hii, hasa kama mko watu watano mnaoelewana. Kundi dogo linalopeana taarifa kwa Kiswahili cha haraka kwenye sauti, huyu yuko kushoto, mwingine hana tena mbio, rudini, linawashinda watu kumi wasiojuana.

Ukichagua Albion, usiende eneo jeusi na vifaa vizuri ulivyonavyo. Anza kwenye Arena ya 5 kwa 5, ambako ukifa huporwi, mpaka mkono uzoee silaha moja. Kisha nunua seti tano zinazofanana za ngazi ya 4, ambazo bei yake haitakunyima usingizi, ziweke benki na utoke na moja moja. Kila seti ikipotea, kabla hujachukua nyingine, andika kilichokuua: umbali na mnyama, mfuko uliojaa, au mpinzani aliyekuzidi ufundi. Viwili vya kwanza vinarekebishika usiku huo huo. Cha tatu kikijirudia seti zote tano, rudi Arena wiki nzima kabla hujanunua ya sita.